Nakusoma, Ova: Redio Koli na Lugha ya Barabara ya Turkana

 

Nimeombwa nizungumzie zile redio za barabarani ambazo kwazo dereva alishika maiki mkononi akaongea na mtu asiyemwona. Wengi wakisikia habari hiyo huwaza Marekani, na hawajakosea. Huko ndiko mapenzi ya redio yalikogeuka kuwa homa ya taifa zima. Nitapitia huko, ila sitakaa sana, kwa kuwa jambo langu liko kwenye barabara itokayo Kitale, ikashuka Marich Pass, ikapita Kainuk, Lokichar, hapa Lodwar, Kakuma, mpaka Lokichoggio na mpakani Nadapal. Barabara hii nayo ilikuwa na enzi yake ya redio. Ilikuwa na lugha yake na adabu yake. Walioizungumza lugha hiyo bado tunao, wengine wameketi humu ukumbini, na hatujawahi kuwauliza.

Mwaka 1958 serikali ya Marekani iliwafungulia raia wa kawaida masafa ya redio karibu na megahezi 27. Mitambo yenyewe ilikuwa midogo, nguvu yake wati 4, sauti ikifika kilomita chache tu. Kwa miaka kumi na tano haikumshughulisha mtu sana. Kisha ikaja Oktoba 1973, vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao, na Wamarekani wakajikuta wamepanga foleni kwenye vituo vya petroli. Serikali ikapunguza mwendo barabarani hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Dereva wa lori, ambaye kipato chake ni umbali anaoukata, aliona riziki yake imekatwa. Akatafuta redio. Kwa redio aliulizia kituo chenye mafuta, kwa redio alijulishwa polisi wamejificha wapi, na kwa redio hiyo hiyo madereva wakaitana kufunga barabara kuu kwa mgomo.

Wakajipa majina ya bandia na kuwabatiza polisi jina la dubu mmoja wa matangazo ya kuzuia moto wa msituni, kwa sababu ya kofia zao pana. Chaneli ya 9 ikawa ya dharura, ya 19 ikawa ya madereva. Mwanzoni mwa 1976 wimbo wa C. W. McCall uitwao “Convoy”, unaosimulia msafara wa malori kwa lugha hiyo ya redio, ukashika nafasi ya kwanza nchini kote. Mwaka huo huo Betty Ford, mke wa rais, akaingia hewani wakati wa kampeni kwa jina la “First Mama”. Mwaka 1977 chaneli zikaongezwa kutoka 23 hadi 40, na 1978 wimbo ule ukafanywa filamu. Uingereza ikaruhusu redio hizo Novemba 1981, wakati homa ilipokuwa imeanza kushuka Marekani kwenyewe. Mwaka 1983 Wamarekani wakaondolewa hata sharti la leseni.

Mmarekani wa 1976 hakukosa simu. Alikuwa nayo nyumbani, na vibanda vya simu vilikuwa kando ya kila barabara. Kwa hiyo kile alichokipata redioni ni jirani wa safari, mtu asiyemjua ambaye anapita njia moja naye. Ndiyo maana wazee wa huko bado wanaitamani enzi ile. Naelewa hamu hiyo na naiheshimu. Lakini huku kwetu redio ilianza na uhitaji mkali zaidi. Huku ilikuwa ndiyo sauti yenyewe, na bila hiyo hapakuwa na nyingine.

Kumbukeni Turkana ilivyokuwa. Wakoloni waliifunga wilaya hii. Mgeni hakuingia bila kibali. Walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mahali ambapo neno lake halingesikika, walimpeleka Lokitaung, na kifungo kilipokwisha mwaka 1959 wakamleta hapa Lodwar akae chini ya ulinzi. Walichagua umbali kuwa ukuta wa gereza. Na katika nchi iliyofungwa hivyo, mwenye mtambo wa kupeleka habari ndiye aliyekuwa na nchi. Kituo cha polisi kilikuwa nao, afisi ya mkuu wa wilaya ilikuwa na wake. Mchungaji wa mifugo alikuwa na miguu yake, na desturi yetu ya kuulizana habari kila tunapokutana, habari za mvua, za majani, za maadui, mpaka kila mmoja amwage alichonacho.

Sheria nayo haikubadilika upesi baada ya uhuru. Mtambo wa kurushia sauti ulihitaji leseni, kwanza chini ya shirika la Posta na Simu, na baadaye chini ya tume ya mawasiliano iliyoanzishwa 1999 kufuatia sheria ya 1998. Dereva wa lori la Kitale hakuweza kuingia dukani, akanunua redio na kuifunga ndani ya lori lake kama mwenzake wa Texas. Kwa hiyo msinitafsirie vibaya: Turkana haikuwahi kuwa na homa ya redio ya raia. Ilikuwa na redio za taasisi, na raia walizizunguka, wakazitegemea, wakazizoea, mpaka zikawa zao kwa matumizi kama si kwa hati.

Wa kwanza kuzifanya za watu, kwa maoni yangu, walikuwa madaktari. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Flying Doctors ambayo leo tunaiita AMREF. Ndege ndiyo iliyowapa jina, lakini redio ndiyo iliyowapa masikio. Kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, waliunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali kwa mtandao wa redio, na muuguzi wa nyikani akaweza kueleza dalili za mgonjwa wake na daktari akamjibu papo hapo. Fikirini maana yake. Muuguzi mmoja anauliza juu ya mama aliyekwama kujifungua, na wauguzi wa vituo vingine, walio kwenye masafa yale yale wakingoja zamu yao, wanasikia swali na wanasikia jibu. Kila mashauri yaligeuka darasa. Sijui chuo cha udaktari kilichowahi kufundisha watu wengi hivyo bila kuwatoa vituoni mwao.

Sasa naomba mnivumilie kidogo nieleze redio hizi zilivyofanya kazi, kwa kuwa bila kulijua hilo hamtaelewa adabu iliyozaliwa nazo.

Kuna redio za aina mbili. Ile ndogo ya mkononi, anayotembea nayo bawabu na askari hadi leo, mawimbi yake huenda yamenyooka. Kilima kikisimama katikati, mazungumzo yamekwisha, ndiyo sababu huwekwa mtambo wa kurudishia sauti juu ya mlima. Ile kubwa ya masafa ya mbali, iliyofungwa kwenye Land Cruiser na eriali ndefu mbele ya gari, hufanya jambo la ajabu zaidi: mawimbi yake hupanda, hugonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, kisha hurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Tabaka hilo hubadilika na saa. Mchana huhitaji masafa ya juu, usiku huhitaji ya chini, na mapambazuko na magharibi ni wakati wa kubahatisha. Opereta mzuri aliijua anga kama mchungaji ajuavyo mawingu.

Na hapa ndipo penye siri. Wimbi linalopanda na kurudi huruka eneo la katikati. Gari lililokwama kwenye mchanga na maji ya laga, yaani mto wa msimu, baina ya Lodwar na Kakuma, kilomita 60 kutoka hapa, linaweza kuita Lodwar mchana kutwa lisisikike, na wakati huo huo likasikika Nairobi, umbali wa kama kilomita 500 angani, kana kwamba dereva yuko chumba cha pili. Aliye karibu hasikii. Aliye mbali anasikia. Basi afanyeje huyo wa mbali? Angeweza kunyamaza, hakuitwa yeye. Lakini desturi ya redio ilikuwa kwamba aliyesikia ameshahusika. Huingia katikati, hutaja jina lake, husema, “Mobaili Saba, Lodwar hawakupati, mimi nakupata, nipe ujumbe nikupokezee.” Kisha huiita Lodwar, hurudia neno kwa neno, hungoja jibu, humrudishia dereva. Watu watatu, wawili wao hawasikilizani, na mazungumzo yakafanyika.

Kupokezeana huko ndiko ninakokutamani. Nimekuja kusema hilo hasa. Sina hamu ya mashine, wala ya vumbi, wala ya hatari ya siku zile. Ninachokililia ni ule wajibu wa masikio, kwamba sauti ya mwenye shida haikuwa ya yule aliyepigiwa peke yake.

Niliujua wajibu huo nikiwa kijana katika chumba cha redio, shirika silitaji. Enzi yenyewe mnaijua. Mwaka 1987 Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulifungua hospitali ya Lopiding pale Lokichoggio kwa majeruhi wa vita vya Sudan. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio, kijiji cha mpakani, kikawa uwanja wa ndege za misaada zinazopaa tangu alfajiri. Mwaka 1992 wakaja wale vijana wa Sudan, maelfu yao, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa na vita baada ya Mengistu kuanguka 1991, wakatembea kurudi Sudan na kutoka tena mpaka mpakani mwetu. Wakaletwa Kakuma. Kambi ikaanza, na barabara hii, ambayo Wanorwei walisaidia kuijenga miaka ya 1980, ikajaa malori ya mahindi, mafuta ya kula, maturubai na mabati.

Chumba cha redio kilikuwa na meza moja ya mbao. Juu yake mtambo wa Codan, maiki yenye waya uliojisokota, saa ya ukutani, na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa mkono: saa, anayeita, anayeitwa, ujumbe. Chini ya meza betri mbili za gari. Ukutani ramani na orodha ya majina ya redio, iliyoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena kadiri watu walivyohama. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa jina halikuwa la mtu, lilikuwa herufi na tarakimu: herufi ya mahali, herufi ya shirika, kama Foxtrot kwa WFP na Hotel kwa UNHCR, kisha nambari ya kazi ya mtu. Mtu akihama, jina hubaki likingoja mrithi. Nimewahi kumsikia Foxtrot fulani akiongea kwa sauti ya bibi mpole, na miezi kadhaa baadaye jina lile lile likatoka kwa sauti nzito ya bwana mmoja wa Kisii, nikahisi kama nimefiwa.

Asubuhi na jioni tulifanya ukaguzi wa redio. Opereta huita kila kituo na kila gari lililo safarini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hujibu kama yupo na kama yu salama. Kwa walio ndani ya Sudan ukaguzi huo ndio uliokuwa uzi wao wa uhai. Kituo kikinyamaza mara mbili mfululizo, watu Lokichoggio walianza kuuliza ndege iko wapi. Kulikuwa na mambo madogo yaliyoweza kuua. Saa, kwa mfano. Dereva Mswahili husema saa nne, naye mzungu aliyeko upande wa pili anahesabu saa zake. Kwa hiyo daftarini tuliandika 1000 au 2200, na opereta hakuipokea “saa nne” mpaka aulize ya asubuhi au ya usiku. Gari likisemekana litafika 1000 na kumbe ni 2200, tayari umeshatuma watu kulitafuta, au, vibaya zaidi, hukutuma.

Na lugha. Ilikuwa Kiswahili kilichovaa sare. “Kilo Besi, Kilo Besi, Mobaili Saba.” “Mobaili Saba, endelea.” “Nimevuka laga, nina abiria watatu, naja kwako, ova.” “Nimekopi: umevuka laga, abiria watatu, unakuja kwangu. Stendibai saa nane mchana, ova.” Tazameni kinachofanyika hapo. Hakuna salamu ndefu, jambo ambalo kwetu ni ukosefu wa adabu. Lakini msikilizaji hurudia alichoambiwa chote kabla ya kusema lolote lake, na hiyo ni heshima ambayo salamu nyingi hazina. Kila mtu humaliza kwa kumpa mwenzake nafasi: ova. Ni sheria ya mashine, kwa sababu wawili hawawezi kuongea kwa pamoja, lakini iliingia katika tabia za watu. Nawajua madereva wastaafu ambao hadi leo ukiwatuma dukani hurudia maneno yako kabla ya kuondoka. Watoto wao huwacheka. Mimi huwa nawaamini kwa kila jambo.

Wengi wa maopereta niliowajua walikuwa wanawake, na nadhani haikuwa bahati tu. Ilitakiwa sauti isiyopanda. Mtu anapoita akiwa ametishika, sauti yake hupanda na maneno hujaa, na mtambo huzila hizo hofu zote zikatoka kelele. Opereta alijibu polepole, chini chini, akimvuta mwenzake ashuke naye. Nakumbuka mmoja aliyekuwa akisema tu, “Nakusoma vizuri, nipo,” akalirudia hilo mara kadhaa kabla ya kuuliza swali lolote. Yule upande wa pili alipoanza kujibu, alikuwa tayari mtu anayeweza kutaja mahali alipo.

Nije kwa madereva wa malori, kwa sababu wao, kama nilivyosema, wengi hawakuwa na redio. Walikuwa na lugha nyingine, na zile lugha mbili zilikutana. Kati ya Kainuk na Lokichar, na kati ya Kakuma na Lokichoggio, magari yalitembea kwa eskoti kwa sababu ya ngoroko, majambazi wenye bunduki. Mlikusanyika kizuizini, mkangoja polisi, mkapangana. Gari la mbele lilikuwa na redio, na ikiwa bahati, la nyuma pia. Malori yote ya katikati yalitegemea taa na mikono. Kupiga taa mara moja, kupiga mara mbili, kuzungusha kidole hewani, kuonyesha kiganja chini: kila ishara na maana yake, na maana nyingine zilitofautiana kati ya madereva wa Kisomali, wa Kitale na wa Mombasa, mpaka wakazoeana. Lori likipata pancha, taniboi aliruka na jiwe la kuweka nyuma ya tairi, kisha akakata matawi mabichi akayapanga barabarani hatua kadhaa nyuma ya lori, ili anayekuja ajue mbele kuna mtu amekwama. Matawi hayo ni ujumbe pia. Hayana mwandikiwa, ni ya yeyote apitaye, kama ilivyo redio iliyo wazi.

Na dereva alibeba maneno. Alikabidhiwa barua Kitale, akaambiwa Lokichar kuna mgonjwa, akaombwa Kakuma amuulize fulani kama amepokea pesa. Alipokuta gari lenye redio limeegeshwa chini ya mti, aliliendea. “Bosi, nisaidie na koli.” Sheria za mashirika hazikuruhusu, na maopereta wengi walijua. Wengi pia walikubali, kwa ujumbe wa kifo, wa ugonjwa na wa lori lililopinduka. Nani angemkatalia?

Wakimbizi nao walikuwa na njia zao, na si haki kusimulia Kakuma bila wao. Kwa waliotengana na wazazi, Msalaba Mwekundu ulibeba barua fupi za familia, karatasi moja iliyoachwa wazi ili kila mtu aweze kuisoma, habari za nyumbani tu. Wasomali walikuwa na taar, redio za masafa ya mbali zilizounganisha kambi za Dadaab, Eastleigh na miji ya Somalia. Mtu aliitwa kwa jina na ukoo, akaja kwenye chumba kilichojaa watu, akazungumzia posa, deni na msiba mbele ya masikio ya kila aliyekuwa kwenye masafa hayo. Ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo wanaijua vizuri hali hiyo. Kwao iliitwa fonie, na mama wa sokoni alilipa ili kupiga fonie kwa mumewe aliyeko machimboni. Popote ambapo simu ilichelewa, watu walijifunza kusema mambo ya ndani katika uwanja wa wazi, kwa mafumbo, kwa lakabu, kwa kukatiza. Ni sanaa, na imesomwa kidogo mno.

Nisije nikaipamba enzi hiyo kupita kiasi. Masikio yaliyo wazi ni pamoja na masikio ya adui. Hatukutaja hewani mishahara inasafiri lini, wala msafara unaondoka saa ngapi, kwa sababu mwenye bunduki angeweza kuwa na redio pia. Kulikuwa na umbea. Kulikuwa na wakubwa waliowakatiza wadogo kwa sababu ya cheo, na kulikuwa na watu wa mji huu waliofariki hatua chache kutoka kwenye mtambo kwa kuwa haukuwa wa kwao kuutumia. Simu ya mkononi imeondoa aibu hiyo. Mama wa Kalobeyei leo anampigia binti yake moja kwa moja bila kumwomba mtu, na pesa zinaingia kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo. Yeyote anayeitamani redio hata kumtakia mama huyo arudi kwenye foleni ya chumba cha redio, hamu yake haina upendo.

Mwisho wa enzi ulikuja kwa sababu njema. Amani ya Sudan ilitiwa sahihi Januari 2005, mashirika yakahamia Juba, Lopiding ikakabidhiwa serikali yetu mwaka 2006, uwanja wa Lokichoggio ukanyamaza. Minara ya simu ikasimama. Mwaka 2012 mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 hapa Turkana, na kuanzia 2018 yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa, dereva wa tangi alifuatiliwa kwa setilaiti: afisi ilijua alipo bila yeye kusema neno. Barabara ya Lokichar hadi Nadapal imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi huo huo ulipangwa uzike pia waya wa mawasiliano kando ya lami. Maneno yetu yatapita ardhini, kwa kasi isiyosemeka, kila neno likienda kwa mwenyewe tu.

Hapo ndipo ninapokuwa na la kudai. Vijana wa bodaboda na madereva wa probox wameshaanza kulijenga upya jambo hili bila kuambiwa na mtu: wana makundi ya WhatsApp ambamo mtu hurekodi sauti, “laga imejaa, msije,” na wengine wakaisambaza. Nimeyasikiliza makundi hayo. Moyo ni ule ule. Adabu ndiyo haijafika. Hakuna anayerudia ujumbe ili ijulikane umeeleweka, hakuna anayesema yuko wapi hasa, hakuna anayetaja saa. Sauti ya jana husambazwa leo na watu wakageuza magari bure, au wakaingia kwenye maji. Na aliye nje ya kundi, lori geni kutoka Mombasa, mkimbizi asiye na bando, hasikii kabisa. Walioijua dawa ya hayo yote wako hapa, ni wazee wetu wa redio, na ilichukua miaka mingi kuipata.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaomba kwa moyo wangu wote. La kwanza ni daftari. Yale madaftari ya redio, yenye mistari ya mkono, ndiyo historia ya barabara hii iliyoandikwa saa kwa saa na watu waliokuwepo. Mengine yametupwa afisi zilipofungwa, mengine yameliwa na mchwa, lakini najua yako majumbani, kwa sababu opereta hakuwa mtu wa kutupa daftari. La pili ni sauti. Msiwaulize wazee hawa maswali ya hotuba, walionaje vita au walijisikiaje. Waulizeni kazi. Ulikuwa ukisema nini ukifika Kalobeyei? Nani alikupokezea Lodwar ilipokuwa haikusikii? Taa mbili zilimaanisha nini kwa dereva wa Kisomali? Eriali uliifunga vipi ulipopita chini ya migunga? Ukiuliza kazi, lugha itatoka yenyewe, pamoja na mambo ambayo hata wao wamesahau kwamba wanayajua.

Tunaanza leo. Madereva wawili na mama mmoja aliyekuwa opereta, walioketi safu ya mbele, wamekubali kurekodiwa mara baada ya maswali yenu. Walimu wa Kiswahili watabaki nao. Aliyekuja na daftari amkabidhi mwalimu aliye mlangoni. Litapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurudishwa kwa mwenyewe. Na kama kuna dereva anayeondoka usiku huu na eskoti ya Lokichoggio, tafadhali aseme sasa, tumsikilize yeye kwanza.